Joto kiwandani linakula uzalishaji, na maji peke yake hayatoshi

Mhariri,

Kuanzia Desemba hadi Machi viwanda na karakana za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara huingia katika miezi yake migumu. Joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, hewa imejaa unyevunyevu, na chini ya paa la bati lisilo na dari hali huwa mbaya kuliko kivulini nje. Ndipo wenye viwanda wanapoanza kulalamika: kasi ya laini (safu ya wafanyakazi wanaopokezana kazi) imeshuka baada ya chakula cha mchana, vipande vinavyorudishwa na wakaguzi vimeongezeka, watu wanaomba ruhusa, wengine Jumatatu hawaonekani. Dawa inayotolewa nayo ni ileile kila mwaka. Supavaiza anaambiwa akaze, targeti inabaki palepale, na muda wa ziada unaongezwa ili kufidia pengo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, muda huo haulipwi chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Maana yake mwajiri anazipoteza saa za mchana kwa bei ya kawaida, kisha anazinunua tena jioni kwa bei ya juu, kutoka kwa watu walewale waliokwisha kuchoka.

Sisi tunaoshughulika na usalama na afya mahali pa kazi tunaona joto lipewe uzito uleule wa umeme na malighafi katika mipango ya uzalishaji. Hatua za kulidhibiti ni nafuu, na zinamfaa mfanyakazi na mwenye mali kwa pamoja. Tatizo ni kwamba hazifanyi kazi zikichukuliwa mojamoja. Maji yakiwekwa wakati choo kiko mbali, watu hawanywi. Choo kikiwa karibu lakini hakuna wa kushika mashine, watu hawaendi. Na hata vyote viwili vikiwepo, anayelipwa kwa kipande akipumzika anajikata mwenyewe mshahara. Mipango mingi ya "maji na kivuli" inakwama hapo, kisha wasimamizi wanahitimisha kwamba wafanyakazi hawajali afya zao.

Ushahidi wa faida upo. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 92.9 ya wafanyakazi wa Afrika hukumbana na joto lililopita kiasi kazini. Utafiti wa viwanda vya India uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kila nyuzi moja ya ziada katika wastani wa joto la mwaka iliambatana na pungufu ya takriban asilimia 2 ya uzalishaji. Huko El Salvador, wakata miwa walipopewa mifuko ya maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishika na mapumziko ya ratiba, kiasi anachokata mtu mmoja kwa siku kilipanda kutoka tani 5.1 hadi kufikia tani 7.3. Haki itendeke: walipewa pia mapanga bora, na mpangilio wa kukata mistari ulibadilishwa, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa maji. Lakini ni vigumu kuutazama mfano huo kisha ukaendelea kuamini kwamba anayepumzika anazalisha kidogo.

Tuanze na kupima, maana bila kipimo kila mjadala wa joto unaishia kuwa ubishi kati ya aliye ofisini kwenye kiyoyozi na aliye kwenye pasi. Kipimajoto cha kawaida cha ukutani hakitoshi. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi jasho linadondoka bila kukauka, kwa hiyo halipozi chochote. Kipimo kinachofaa kinajulikana kwa herufi WBGT. Kinachanganya joto la kipimajoto kilichovishwa utambi wenye maji, ambalo ndilo linaloonyesha jinsi jasho linavyoweza kukauka, na joto la ndani ya tufe jeusi, linaloonyesha moto unaotoka kwenye paa, mashine au jua. Ndani ya jengo hesabu yake ni 0.7 ya joto la utambi jumlisha 0.3 ya joto la tufe. Chukua mfano wa siku ambayo utambi unasoma 27.5 na tufe lililo chini ya bati linasoma 34: unapata 19.25 jumlisha 10.2, yaani 29.45. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinaweka mpaka wa nyuzi 30 kwa kazi nyepesi, 28 kwa kazi ya wastani na 26 kwa kazi nzito, tena kwa mtu aliyekwisha kuzoea joto. Kwa hiyo siku hiyo, ambayo redio ingetangaza kuwa ni ya nyuzi 32 tu, anayefunga maboksi kwa kukaa bado yuko salama, anayepiga pasi amesimama amevuka mpaka, na anayepakia marobota kwenye lori ameuvuka mbali.

Vifaa vya mkononi vya kupima WBGT vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya usalama. Kifaa kiwekwe penye mashine, kwenye kimo cha kifua cha mfanyakazi, na kiachwe dakika 20 hadi 30 kabla ya kusomwa kwa sababu tufe jeusi linachelewa kupata joto. Kisomwe saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, saa 8 na saa 10. Kosa la kawaida ni kupima mlangoni, penye upepo, halafu namba hiyo ikaandikwa kuwa ya jengo zima. Sehemu ya pasi, karibu na boila, na safu ya mashine iliyo katikati ya ukumbi zipimwe kila moja peke yake.

Sasa maji. Kwa kazi ya wastani kwenye joto, mtu anahitaji kikombe kimoja cha mililita 250 kila baada ya dakika 20, sawa na mililita 750 kwa saa. Zamu ya saa nane inafika lita 6. Watu 100 wanataka lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Wachache wanaopiga hesabu hii kabla ya kununua. Mara nyingi unakuta mashine mbili za maji ya chupa kubwa kwa ukumbi mzima, zimekwisha kabla ya saa 5, na chupa mpya iko stoo iliyofungwa kwa kufuli. Si kila mtu atamaliza lita 6, na wanaokaa kwenye kazi nyepesi watakunywa pungufu, lakini maji yapangwe kwa kiwango cha wanaotoa jasho zaidi. Mpaka wa juu nao upo: mtu asipitishe takriban lita 1.4 kwa saa, kwa sababu maji mengi mno kwa mkupuo huzimua chumvi ya damu na yenyewe yanaweza kumdhuru.

Maji yawe baridi kiasi, chini ya nyuzi 15 ikiwezekana. Tangi la plastiki jeusi lililokaa juani juu ya paa hutoa maji ambayo hakuna atakayeyanywa kwa hiari, hata yawe safi namna gani. Mtungi wa udongo ni mzuri sana Dodoma au Singida, ambako hewa ni kavu na maji yanayopenya kwenye udongo hukauka haraka. Pwani nguvu yake hupungua kwa sababu ileile inayofanya jasho lisikauke. Huku barafu au friji ndiyo njia. Kila mtu awe na chupa yake yenye jina, maana kikombe kimoja cha wote hufukuza watu na kueneza magonjwa. Mfanyakazi asitembee zaidi ya dakika moja kuyafikia maji. Kwenye viwanda vya nguo, kama kitambaa cha oda hakitakiwi kuguswa na tone, weka rafu ya chupa kwenye njia mwisho wa kila safu. Usitumie hoja ya kitambaa kuhamishia maji nje ya jengo.

Vidonge vya chumvi havitakiwi. Mtu anayekula mlo wa kawaida anapata chumvi ya kutosha, na uji wa saa 4 pamoja na chakula cha mchana kinacholika vizuri vinafanya kazi hiyo. Anayetoa jasho jingi kwa saa nyingi mfululizo bila kula ndiye anayehitaji kinywaji chenye chumvi na sukari. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vimekuwa kifungua kinywa cha vijana wengi wa kupakia mizigo, vina kafeini nyingi na havifai kabisa kuwa mbadala wa maji.

Tunakuja kwenye choo, na hapa tunaomba waajiri watusikilize zaidi kuliko penginepo. Wanawake ndio wengi kwenye laini za ushonaji, na wengi hujizuia kunywa maji ili wasiombe ruhusa ya kwenda chooni. Wanafanya hivyo kwa sababu choo ni kichafu, hakina maji, mlango haufungi, kiko mwisho wa uwanja, au kuna kadi moja tu ya ruhusa kwa watu 40. Matokeo ni kichwa kuuma mchana, maambukizi ya njia ya mkojo, na ruhusa za kwenda hospitali ambazo mwajiri anazihesabu kama uvivu. Mwenye hedhi na mjamzito wanaumia zaidi. Mama anayenyonyesha anahitaji maji kuliko wote, na sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Kumbana kwenye ruhusa ya choo ni kumnyang'anya kwa mlango wa nyuma alichopewa na sheria.

Meneja achukue saa, aanzie kwenye mashine iliyo mbali zaidi, atembee hadi chooni na kurudi. Ikizidi dakika 5, ajue kwamba watu hawatakunywa maji ya kutosha hata akiwawekea mto ukumbini. Kadi za ruhusa ziondolewe. Badala yake kila kundi la mashine 20 liwe na mfanyakazi mmoja wa akiba anayejua operesheni zote za kundi hilo. Kila mshonaji akitoka mara mbili kwa siku, dakika 10 kila mara, kundi zima linahitaji dakika 400 za kushikiwa, ambazo ni saa 6 na dakika 40. Zinatosha kumpa kazi mtu mmoja kwa zamu nzima, na zinabaki dakika za kusaidia pale bando (mafungu ya vipande vinavyopita mashine hadi mashine) zinaporundikana. Huyo asiwe mgeni aliyeletwa juzi. Achaguliwe kati ya washonaji hodari na alipwe zaidi kidogo, la sivyo kila anayetoka atarudi akute kazi ya kufumua.

Kuhusu mapumziko, sheria inataka anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mwajiri halazimiki kuzilipia dakika hizo iwapo mfanyakazi hafanyi kazi wala hatakiwi kuwa tayari kwa kazi. Wapo wanaoukata muda huo vipandevipande na kuuita mapumziko ya joto. Huko ni kunyang'anya chakula ili kutoa maji. Mapumziko ya joto yawe juu ya saa hiyo, na yawe ndani ya muda unaolipwa. Ratiba inayofaa kwa kazi ya wastani ni dakika 10 kila saa pale WBGT inapovuka 28, ambako kwa pwani mara nyingi ni kati ya saa 6 mchana na saa 10. Laini nzima isimame pamoja, kwa sababu mmojammoja akipumzika kwa wakati wake bando linamsubiri na wenzake wanamnung'unikia. Mahali pa kupumzikia pawe na ubaridi kuliko ukumbini. Kumwambia mtu apumzike akiwa ameegemea mashine yake chini ya bati lilelile hakupunguzi joto la mwili hata kidogo.

Mwenye mali atauliza: dakika 10 kwa saa si moja ya sita ya uzalishaji wangu? Apime mwenyewe. Tuseme laini yake hutoa vipande 60 kwa saa asubuhi. Dakika 50 za kazi kwa kasi hiyo ni vipande 50. Basi 50 ndiyo namba ya kuangalia. Ikiwa mchana, bila mapumziko, laini inatoa 48, mapumziko yanayorudisha kasi ya asubuhi hayamgharimu kipande hata kimoja, bali yanamuongezea viwili. Ikiwa inatoa 55, atapoteza vipande kadhaa kwa saa, na hapo atazame upande mwingine wa daftari: vipande vilivyorudishwa, sindano iliyovunjika, mtu aliyedungwa kidole, saa za ziada zilizolipwa, watu wasiofika. Mwili uliochoka kwa joto hupunguza kasi wenyewe hata ukimsimamia mtu kichwani. Kilichobaki ni kuchagua kama mapumziko hayo yatakuwa kwenye ratiba yakiwa na faida, au yatajificha ndani ya kazi yakitoa mishono mibovu.

Jaribio lifanywe hivi. Chagua laini mbili zinazoshona staili moja, zenye idadi inayolingana ya watu. Kwa wiki mbili andika kila saa vipande vilivyopita ukaguzi wa kwanza (vilivyoshonwa tu vinadanganya) pamoja na WBGT ya saa hiyo. Kisha laini ya kwanza ianze ratiba ya maji, mfanyakazi wa akiba na mapumziko, na ya pili iendelee kama kawaida kwa wiki tatu kabla nayo haijaanza. Usilinganishe shati na suruali, wala wiki ya oda mpya na wiki ya oda iliyozoeleka. Wiki ya kwanza namba zinaweza kushuka, kwa kuwa watu bado wanajifunza kusimama na kuanza pamoja. Wengi huliua jaribio siku ya nne kwa sababu hiyo, nayo ni haraka isiyo na msingi.

Suala la malipo haliwezi kurukwa. Penye mshahara wa mwezi na bonasi ya targeti, targeti ya saa za joto ishushwe kwa dakika za mapumziko. Ikibaki ileile, watu watakaa kwenye mashine. Penye malipo ya kipande, chukua wastani wa mfanyakazi kwa saa katika wiki iliyotangulia, na umlipe dakika za mapumziko kwa wastani huo. Anayepata shilingi 1,500 kwa saa anastahili shilingi 250 kwa kila dakika 10. Kiasi ni kidogo kwa kampuni, lakini ndicho kinachoamua kama mtu atainuka. Supavaiza naye asipimwe kwa vipande tu. Kama bonasi yake inatokana na idadi peke yake, ratiba itakufa mikononi mwake, na si kwa ubaya wa moyo wake.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kuzoea. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 za kufanya kazi kwenye joto ili uanze kutoa jasho mapema na kutunza chumvi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Mgeni kabisa aanze na asilimia 20 ya muda wa kazi kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku hadi siku ya tano. Muda uliobaki apewe mafunzo au kazi za sehemu yenye ubaridi. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo akarudi baada ya kukaa nje aanze na asilimia 50, kisha 60, 80 na 100. Kuzoea huanza kupotea mtu akikaa nje ya joto kwa wiki moja hivi. Sasa fikiria likizo yetu ya siku 28: mfanyakazi anakwenda kwao Moshi, Lushoto au Njombe mwezi Desemba, anarudi Januari joto likiwa limepamba moto, na siku hiyohiyo anapangiwa pasi kwa zamu nzima kwa sababu "yeye ni mzoefu". Uzoefu wa mikono anao. Mwili umekwisha kusahau. Na vibarua wanaochukuliwa getini asubuhi na kupelekwa moja kwa moja kupakia kontena ndio walio hatarini kabisa, maana hakuna anayejua jana walikuwa wapi.

Ramadhani inahitaji mpango wake, na mapema. Kwa miaka hii inaangukia kwenye miezi ya joto. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari. Kwa aliyefunga, ratiba ya maji haina maana, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na muda na aina ya kazi. Kinachosaidia ni zamu inayoanza saa 12 asubuhi, muda mfupi baada ya daku, na kumalizika saa 8 mchana. Kazi nzito na za penye moto zifanyike kabla ya saa 4. Mapumziko yawe marefu zaidi na mahali penye ubaridi, na watu waelekezwe kunywa maji kidogokidogo kuanzia futari hadi daku badala ya mengi kwa mara moja. Kubadilisha zamu kuwe kwa hiari, na mtu asiulizwe mbele ya wenzake kama amefunga au la. Usafiri nao ufikiriwe: mama anayetoka Mbagala au Chanika hawezi kufika kazini saa 12 bila kutembea gizani. Basi la kampuni kwa mwezi mmoja ni sehemu ya gharama ya mpango huu.

Jengo lenyewe lina mengi ya kurekebishwa, na si lazima kuanza na viyoyozi. Taa za zamani zinatoa joto. Watafiti waliofuatilia viwanda vya nguo vya Bangalore, India, vilivyobadilisha taa na kuweka za LED walikuta kwamba sehemu kubwa ya hasara ya uzalishaji ya siku za joto iliondoka, faida ambayo haimo katika hesabu ya bili ya umeme. Mirija 200 ya wati 36 ikibadilishwa kwa ya wati 18, wati 3,600 za joto zinaondoka ukumbini, sawa na kuzima pasi tatu zilizokuwa zikiwaka mchana kutwa. Mota za klachi za cherehani za kiwandani huzunguka na kutoa joto hata mshonaji asipokanyaga. Za servo zinasimama anaposimama. Mabomba ya mvuke yavishwe kizuia joto, na kila tundu linalovuja lizibwe, kwa sababu mvuke unaleta moto na unyevunyevu kwa pamoja. Sehemu ya pasi ihamishiwe ukingoni mwa jengo, upande ambao upepo hutoka jengoni kwenda nje, ili hewa yake isipite juu ya wengine.

Bati lipakwe rangi nyeupe ya kurudisha mwanga. Chokaa ni rahisi lakini masika huiosha, hivyo irudiwe kila mwaka kabla ya Desemba. Vipulizio vinavyozunguka juu ya paa havivuti chochote kama chini hakuna pa kuingilia hewa, na mara nyingi hakuna, kwa kuwa madirisha yamefungwa kwa hofu ya wizi. Nondo na wavu vinazuia mwizi bila kuzuia hewa. Mlango wa dharura usifungwe kwa hofu hiyohiyo. Hilo ni kosa la hatari kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Feni ielekezwe kwenye mwili wa mfanyakazi, lakini hewa ikipita nyuzi 35 na ikiwa kavu, feni inamletea mtu moto badala ya kumpoza.

Kwenye ujenzi na upakiaji bandarini, yote haya yanabaki, ila saa ndiyo silaha kubwa. Oman inazuia kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana kuanzia Juni hadi Agosti. Qatar, tangu mwaka 2021, inazuia kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 kati ya Juni 1 na Septemba 15, na inataka kazi isimame wakati wowote WBGT ikipita 32.1. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliofanya kazi huko wanazijua sheria hizi. Hakuna sababu ya fundi huyohuyo akirudi nyumbani kumwaga zege la ghorofani saa 8 mchana.

Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba, kuongea ovyo au kuzimia kwenye joto, hiyo ni dharura ya kifo. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima bila kukoma huku akipepewa, na barafu iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Penye pipa au beseni kubwa, atumbukizwe kichwa kikiwa nje. Asinyweshwe maji kama hajitambui vizuri. Panadol haisaidii, maana joto hilo si la homa. Kazi hii iwe imefika mbali ndani ya dakika 30, na kwa foleni za Dar es Salaam hospitali haifikiki kwa muda huo. Kwa hiyo barafu na maji ni lazima viwepo kiwandani. Kila zamu iwe na watu wawili waliofanya mazoezi ya hatua hizi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tayari inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa na mazingira yasiyodhuru afya, na wakaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wana mamlaka ya kuingia na kukagua. Tunaomba katika ukaguzi wa miezi ya joto wasiishie kuangalia kama mashine ya maji ipo. Wafungue bomba wayaonje, waende chooni kwa miguu kutoka mashine ya mwisho, wasome daftari la WBGT, na waulize mapumziko yanalipwaje.

Na kwako, Mhariri, tuna ombi dogo. Katika utabiri wa hali ya hewa unaouchapa kila siku, kati ya Desemba na Machi ongeza safu ya unyevunyevu wa hewa wa saa 9 alasiri kando ya kiwango cha juu cha joto, kwa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar. Kiwanda kisicho na kifaa chochote kitaweza kuzitumia namba hizo mbili kupanga zamu ya kesho yake.

Wataalamu wa usalama na afya mahali pa kazi,
Dar es Salaam